Maji ya Mkwe

Motakaa ya Bwana Kiko ilichemka mara ya pili ndani ya wiki moja kwenye njia ya Kondoa, mahali pasipo na kivuli wala kisima, na safari hii ilichemka mbele ya watu. Mfuniko wa rejeta uliruka ukaangukia majanini, mvuke ukapanda juu ya kofia ya bwana, na maji yenye povu yakatiririka chini ya magurudumu. Wachungaji waliokuwa wakirudisha ng'ombe walisimama kutazama. Mmoja aliuliza kama mnyama yule amekufa au anakojoa tu, na wenzake wakacheka bila kujificha.

Yoramu, dereva, hakucheka. Dodoma nzima hapakuwa na Mgogo mwingine aliyeshika usukani, naye alikuwa amehakikisha kwamba kila mtu analijua hilo, kuanzia stesheni hadi gulioni. Kabla ya motakaa alikuwa mchochea moto kwenye gari moshi, na aliamini kwamba chombo chochote chenye moto na maji hakiwezi kumficha siri.

"Ni chumvi, Bwana," alisema, huku akilikunja shati lake lipate kumkinga mkono. "Maji ya nchi hii yana chumvi. Hata boila za reli zinashika ukoko."

Jina la Kijerumani la bwana yule lilikuwa refu, kwa hiyo watu walimwita kwa kiko chake, ambacho hakikutoka mdomoni hata alipokuwa akigomba. Alikuwa na duka la ngozi, karanga na mafuta pale mjini. Alijibu kwamba mashine ilioshwa kwa siki mwezi uliopita, na kwamba yeye hulipia maji ya chemchemi ya mlimani kwa sababu hiyohiyo ya chumvi. Kama chumvi imerudi, basi kuna mtu anachota maji kwenye visima vya ng'ombe karibu na mji, kisha anapokea ujira wa kupanda mlima. Alipomaliza kusema hivyo alimtazama Yoramu muda mrefu.

Nyuma, Bibi, mke wa bwana, alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Ulikuwa msimu wa baridi, upepo wa Ugogo unapokata masikio, na Bibi alikuwa mgonjwa wa magoti. Kwa ajili yake bwana alikuwa ameagiza sanduku la shaba kutoka Ulaya, likafungwa chini ya miguu yake. Mabomba mawili membamba yalileta humo maji ya moto kutoka kwenye injini na kuyarudisha. Sasa Bibi alisema, si kwa mara ya kwanza, kwamba sanduku ni la baridi. Bwana alimjibu bila kugeuka kwamba huu si wakati wa kuzungumza habari za miguu.

Walirudishwa mjini kwa kukokotwa na ng'ombe wa wachungaji walewale. Bwana alimwamuru Yoramu akae pale mbele ashike usukani, naye akakaa, akapitishwa gulioni mchana kweupe nyuma ya mikia ya ng'ombe. Mama mmoja muuza karanga alimuuliza kama siku hizi anachunga akiwa ameketi. Yoramu, ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu kwa kila mtu, alitazama mbele.

Walipofika uani, bwana alitoa hukumu yake kwa maneno machache. Jumamosi lazima afike Kondoa, kwa maana mzigo wake wa ngozi unamngojea huko. Motakaa ikichemka tena, Yoramu atapelekwa boma apigwe viboko hamsa ishirini kwa wizi wa maji, kisha avalishwe mnyororo akachimbe barabara, na watu wake watoke kwenye nyumba iliyo nyuma ya ua, kwa sababu nyumba ile ni ya dereva, si ya mfungwa.

Katika nyumba hiyo maneno yalikuwa na njia zake. Loisi, mke wa Yoramu, alikuwa amejifungua, na mama yake, Hana, amekuja kumtunza. Alipewa chumba cha upande wa pili wa tembe. Kwa desturi yao, mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawapishani mlangoni, wala hawasemeshani. Wote walikuwa wamebatizwa Mpwapwa, lakini ubatizo uliishia kwenye majina. Mambo ya ukwe haukuyagusa. Hana akitaka kusema na Yoramu alimwambia Loisi, na Yoramu akitaka kumjibu alimwambia Loisi, ingawa kilichowatenganisha kilikuwa ukuta wa fito na udongo usioweza kuzuia hata kikohozi.

Kazi ya kuchota maji ya motakaa ilikuwa ya Loisi. Alipojifungua, Hana aliichukua. Kabla hakujapambazuka vizuri alikwenda mlimani, akarudi, akayamimina kwenye mtungi mkubwa wa uani, akaondoka kabla Yoramu hajafika kazini, wasije wakakutana. Hata mtu angemsifu kwa adabu hiyo, asingekosea.

"Muulize mama maji anachota wapi," alisema Yoramu jioni ile, hata kabla ya kunawa.

Loisi alikuwa hajafungua kinywa, ukuta ukajibu.

"Mwambie mume wako nachota kwenye chemchemi ya mlimani, palepale alipokuonyesha yeye mwenyewe."

"Mwambie mama sisemi mimi. Anayesema ni bwana."

"Basi mwambie mume wako amwambie bwana wake apande ule mlima kwa magoti yangu, akishuka ndipo aseme."

Loisi aliwaambia wote wawili kwamba wamesikiana, na kwamba mtoto anataka kulala. Yoramu alitosheka. Aliuliza wapi, akajibiwa wapi, na mama mkwe wake hakuwa mwongo. Hakuuliza neno jingine, maana mkwe haulizwi mara mbili.

Ila Loisi hakutosheka. Alikuwa amewaona watu wa mnyororo wakipita na majembe, shingo zao zimefungwa pamoja, mmoja akijikwaa wote wanayumba. Alipomlaza mtoto alimwambia mumewe waziwazi kwamba anaogopa. Akitolewa kwenye nyumba hii na mtoto mchanga na mama mzee, atakwenda wapi, na ng'ombe wa kwao walikufa wote kwa sotoka? Hata nyumbani kwao hakuna cha kurudia.

"Mashine haijawahi kunishinda," alisema Yoramu.

"Mashine sijaisema. Nimesema boma."

Asubuhi Yoramu aliivua kofia ya injini na kuanza upya, kama mtu asiyejua kitu, na hilo kwake lilikuwa gumu kuliko kazi yenyewe. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Feni ilizunguka. Mafuta ya injini yalikuwa ya kutosha wala hayakuchanganyika na maji. Alijaza rejeta mpaka shingoni, akawasha, akakaa pembeni mkono wake ukiwa juu ya shaba, akingoja.

Haukupita muda, sehemu ya juu ya rejeta ikawa haishikiki. Akateremsha mkono polepole. Katikati palikuwa na uvuguvugu, na chini kabisa pakawa na baridi ileile ya asubuhi. Aliinama chini ya kiti cha nyuma akagusa sanduku la miguu ya Bibi. Injini ilikuwa inakaribia kutokota, na sanduku lilikuwa baridi kabisa.

Hapo Yoramu alizima mashine, akakaa kwenye ubao wa kukanyagia. Mashine yenye joto kali na sanduku la baridi, vyote vinakunywa maji mamoja. Basi maji hayatembei. Yanachemkia palepale yalipo, kwa sababu njia imezibwa, na iliyozibika kwanza ni ile nyembamba kuliko zote, yaani mabomba ya Bibi. Bibi alikuwa amelalamika tangu wiki iliyotangulia, kabla motakaa haijachemka hata mara moja, na wanaume wawili waliokaa mbele yake walimwona msumbufu. Ingesikilizwa miguu yake, wasingekokotwa na ng'ombe.

Alifungua bomba la chini kumwaga maji. Yeye, aliyewahi kuosha boila za reli, alitegemea kuona vipande vyeupe vya ukoko. Maji yalitoka kwa shida, matone kwanza, kisha mchirizi mwembamba, nayo yalikuwa mazito, ya kijivu, yamejaa vitu vyeusi mithili ya masizi. Juu yake yalielea macho ya mafuta. Yoramu alichovya kidole, akakinusa, kisha akakinusa tena.

Harufu ile aliijua kabla hajajua jina lake mwenyewe. Ilikuwa harufu ya siagi na moshi, harufu ya kibuyu cha maziwa. Kila mama wa Ugogo hukichoma kibuyu kwa ndani kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike, akakisugua, akakipaka siagi kisipasuke. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Yoramu alikuwa akikitafuta huko visimani. Katika mtungi wa uani alichota maji kila siku kwa mikono iliyojaa grisi, hata mafuta yaliyoelea humo aliyadhani ni yake.

"Mafuta hayo," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Khamisi, mtunza duka la bwana, Mrangi wa Kolo, mtu mwangalifu aliyevaa kanzu safi hata siku ya kupanga ngozi. Khamisi alikuwa na shemeji yake aliyejifunza motakaa Tanga, na kwa muda mrefu aliona kwamba usukani ule ungependeza zaidi mikononi mwa shemeji. Hakuficha jambo hilo. Aliinama akayatazama maji, akasema kwa upole kwamba mafuta hayaingii yenyewe kwenye maji. Kuna mtu ameyatia.

"Ni grisi ya mashine," alisema Yoramu.

"Grisi haielei hivyo, ndugu yangu. Mimi nauza mafuta."

Kisha akaenda zake kuelekea nyumba ya bwana, wala hakuharakisha. Yoramu alimtazama mpaka alipoingia, na kwa mara ya kwanza tangu mkasa uanze, alishikwa na hofu ya kweli. Si miaka mingi ilikuwa imepita tangu watu wa kusini wapigane na Wajerumani wakitumainia dawa ya maji. Toka wakati huo Mjerumani akisikia maji yametiwa kitu, hakuuliza ni kitu gani. Kwa uvivu mtu angechapwa. Kwa dawa, watu walinyongwa.

Alipofika nyumbani Loisi alikuwa akisonga ugali wa uwele. Yoramu alimwita karibu, akasema kwa sauti ya chini, lakini katika tembe ile sauti ya chini haikuwapo.

"Mama anachotea nini?"

"Vibuyu vyake," alisema Loisi, akashangaa kwamba hajui. "Vile vya maziwa. Vingekaa bure vikapasuka, sasa ng'ombe hawapo."

"Na madebe ya kuchotea aliyoyatoa bwana?"

Loisi alikunja pua. Madebe yale yalitoka dukani yakiwa yananuka mafuta ya taa, hata ukiyaacha juani. Mama alisema maji ya kitu cha heshima hayabebwi kwenye debe linalonuka. Motakaa ndiyo inayowalisha, basi ipewe chombo cha heshima. Kila jioni alivichoma vibuyu, akavipaka siagi kidogo aliyoinunua kwa ulezi wake mwenyewe, ili maji yakae mazuri. Loisi alipokuwa anayasimulia haya alianza kupunguza mwendo, kwa sababu uso wa mumewe ulikuwa unabadilika.

Hana akauliza nyuma ya ukuta, sauti yake ikiwa ndogo kuliko siku zote.

"Loisi. Muulize mume wako, siagi inaidhuru motakaa?"

Yoramu alikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa na mahali pa kwenda. Mwanamke yule alikuwa amepanda mlima kila alfajiri kwa ajili ya nyumba yake, amenunua siagi wakati yeye mwenyewe anakula mlenda mtupu, na kwa heshima hiyohiyo alikuwa ameiua mashine. Angekuwa mtu mwingine angemkaripia. Angekuwa mama yake mzazi angemcheka.

"Mwambie mama," alisema hatimaye, "inaziba njia tu. Mashine haijafa. Muulize, kibuyu kikishika mafuta ya zamani mpaka yakaganda, yeye hukiosha kwa nini?"

"Mwambie kwa magadi," ukuta ukajibu, na sauti ikapata nguvu kidogo. "Magadi mengi na maji ya moto sana. Unatikisa, unamwaga, unarudia mpaka yatoke meupe. Mwambie asifanye haraka."

Yoramu alicheka kwa pumzi moja. Shaba na kibuyu havikutofautiana sana, kumbe. Alisema kazi hiyo ataifanya kesho, na kwamba kuanzia sasa maji yaje kwenye vyungu. Loisi akamuuliza atamwambia nini bwana. Alijibu kwamba mashine ikipona, bwana hataki maneno. Alisema hivyo kwa uhakika mkubwa, kama alivyosema habari ya chumvi.

Siku ya Ijumaa, Yoramu alitokosa magadi kwenye pipa uani, akayamimina ndani ya rejeta, akawasha injini ikanguruma kidogo, akazima, akafungua. Yalitoka maji meusi yenye povu, yananuka zizi. Akarudia. Yakatoka ya kahawia. Aliyavua mabomba mawili ya Bibi, akayapuliza kwa mdomo mpaka mashavu yakamuuma, na katika bomba la pili kikatoka kizibo cha mafuta na masizi kirefu kama kidole. Alikitupa motoni. Ulipokaribia mchana maji yalikuwa yakitoka meupe, nayo yalitoka kwa kishindo.

Alikuwa anafunga bomba la mwisho Bwana Kiko alipoingia uani, na nyuma yake askari wa boma mwenye kiboko, na nyuma ya askari, Khamisi. Watu wa gulioni, ambao hunusa kiboko kutoka mbali, walijaa mlangoni.

"Khamisi anasema mafuta," alisema bwana. "Nani alitia mafuta katika maji?"

Yoramu alijifuta mikono. Alikuwa ameandaa maneno kuhusu magadi na mabomba, maneno mazuri, ya kumwonyesha bwana kwamba ugonjwa umejulikana na umetibiwa. Lakini bwana hakuuliza habari ya ugonjwa. Aliuliza jina. Na jina lilikuwa moja tu, na lilikuwa la mtu ambaye Yoramu hakuruhusiwa hata kumtaja.

"Mimi, Bwana."

"Kwa nini?"

"Nilidhani yatasaidia mashine."

Bwana alisema kwamba dereva aliyejifunza reli hawezi kudhani upumbavu huo, kwa hiyo kuna jambo jingine, na jambo hilo litajulikana boma. Lakini kiboko kianze hapahapa, watu waone. Askari alilaza pipa tupu. Yoramu alivua shati mwenyewe, akalikunja, akaliweka juu ya kiti cha motakaa lisichafuke. Alikuwa mtu wa majivuno, na siku ile majivuno yalimsimamisha wima.

Ndipo Hana na Loisi walipotokea na vyungu vya maji kichwani. Hana aliona pipa, akaona mgongo wa mkwewe. Aliteremsha chungu chake taratibu kikakaa chini bila kumwagika, kisha akatembea katikati ya ua, moja kwa moja, mpaka mbele ya Yoramu. Wagogo waliokuwa mlangoni waligeuza nyuso zao. Mwanamke mmoja alijifunika kanga kichwani kama aliyekuta mtu yuko uchi.

"Yoramu mwanangu, nitazame," alisema kwa Kigogo, kwa maana Kiswahili hakukijua. "Siagi ni yangu. Vibuyu ni vyangu. Mwambie mzungu huyu. Nimekuficha uso wangu tangu ulipomwoa binti yangu, na nilikuficha kwa heshima. Ukichapwa kwa kosa langu, heshima hiyo nitaiweka wapi?"

Yoramu alimtazama. Alikuwa hajawahi kuuona uso ule. Ulikuwa uso wa Loisi uliotangulia kwa miaka mingi. Machozi yakamtoka mbele ya gulio zima, yeye ambaye juzi aliona aibu kubwa ni kukokotwa na ng'ombe.

"Mama huyu anasema nini?" aliuliza bwana.

Yoramu hakutaka kutafsiri. Loisi, kule mlangoni, alikuwa ameshika mdomo. Bwana alimgeukia Khamisi, ambaye alinunua mbuzi Ugogo nzima na hakuna neno la Kigogo lililompita.

"Wewe. Anasema nini?"

Khamisi alikuja pale kwa sababu ya usukani. Alikuwa amesema neno moja tu kwa bwana, neno la kweli, na alidhani litamtoa mtu kazini, basi. Hakuleta kiboko yeye, na hakutegemea kuona mwanamke mzee akijivua heshima katikati ya ua. Naye alikuwa na mkwe wake kule Kolo, mama ambaye yeye Khamisi akimwona njiani huvua viatu na kushuka kando. Aliona wazi kwamba akitafsiri sawasawa, mama huyu atapelekwa boma na maswali yataanza na neno dawa. Na yeye Khamisi ndiye atakayekuwa amelitamka.

"Anasema ni madebe, Bwana."

"Madebe gani?"

"Ya kuchotea maji. Yalikuwa ya mafuta ya taa. Yalitoka dukani, mimi niliyatoa."

Bwana aliondoa kiko mdomoni. "Hukuyaosha?"

"Sikuyaosha, Bwana."

Ukiacha ile tafsiri ya kwanza, Khamisi hakuwa amesema uongo wowote. Madebe hayakuoshwa, na yalitolewa kwa amri ya bwana mwenyewe, ambaye siku ile alisema yatolewe upesi. Bwana alilikumbuka hilo; ilionekana jinsi alivyotazama pembeni. Pua yake, iliyokaushwa na tumbaku miaka mingi, isingeweza kutofautisha siagi na mafuta ya taa, na maji yenyewe yalikuwa yameshamwagwa. Alimuuliza Yoramu kwa nini alikubali kosa lisilo lake. Yoramu alisema kwamba aliogopa kumsingizia mtu.

Bwana Kiko alimpiga Khamisi kofi moja, la nguvu, lililoangusha kofia yake. Akamwambia mshahara wa mwezi huu hana. Kisha akamrudisha askari boma na kuwafukuza watu mlangoni, kwa hasira ya mtu ambaye hajui hasa nani amemshinda.

Motakaa iliwashwa. Ilinguruma mpaka kivuli cha ukuta kilipoanza kurefuka, na mfuniko wa rejeta haukutikisika. Yoramu alishika juu, akashika chini, kote moto sawasawa. Bibi, ambaye hakuna aliyemwita, alitoka nyumbani na blanketi lake, akapanda, akaweka miguu juu ya sanduku. Alikaa humo, akafumba macho, na bwana alipomwambia kwamba safari ni kesho, alijibu kwamba anajua.

Khamisi alikuwa akifuta vumbi kwenye kofia yake Yoramu alipomwendea. Si rahisi mtu mwenye majivuno kushukuru. Yoramu aliuliza tu kwa nini.

"Usukani bado nautaka kwa shemeji yangu," alisema Khamisi. "Nitautafuta kwa njia nyingine. Wakwe wa watu sitawapitia."

Jioni, katika tembe, Loisi alipakua ugali, akampelekea mama yake upande wa pili pamoja na habari za alichosema Khamisi, akarudi akaketi. Mtoto alilia, akanyamazishwa. Ndipo ukuta ulipokohoa.

"Loisi. Mwambie mume wako mwanamke aliyemwona leo uani si mimi."

Yoramu aliweka tonge chini.

"Mwambie mama," alijibu, "leo sikumwona mwanamke yeyote uani."

"Vema. Sasa muulize yule Mrangi wa duka anakaa nyumba ipi, na kama kwao wanakula jogoo."

Yoramu alisema wanakula, ila hawali kilichochinjwa na wasio Waislamu, huchinja wenyewe. Hana akasema sawa, amesikia, na wakalala.

Jumamosi asubuhi, motakaa ilipokuwa inapita gulioni kuelekea njia ya Kondoa, Yoramu ameketi wima na ana jibu kwa kila mtu, Hana alikuwa amesimama mlangoni kwa Khamisi. Hakujua Kiswahili cha salamu wala cha shukrani. Alimkabidhi Kuluthumu, mke wa Khamisi, jogoo mwekundu mzima, amefungwa miguu, mmoja tu aliyekuwa amebaki katika mali yote aliyokuja nayo mjini. Akapiga goti kidogo, akaondoka.

Kuluthumu aliingia ndani na jogoo kwapani. Mumewe alikuwa kitandani, shavu limevimba, na alikuwa bado hajampa mkewe habari za jana. Kuluthumu alimuuliza bibi yule wa Kigogo ni nani, na jogoo huyu ni wa nini.

"Mshahara wangu wa mwezi huu," alisema Khamisi. "Mfunge vizuri, asikimbie."